Rubani Asiye na Ndege

Kila kazi ya ufundi ina uanagenzi wake. Seremala mchanga huharibu mbao mbili tatu kabla mkono wake haujatulia, na hasara hiyo huwa ya karakana. Mwuguzi mpya hufunga kidonda cha kwanza akisimamiwa na mwuguzi mzee, na hapana hospitali imtozayo ada kwa kidonda alichokifunga. Dereva wa lori aghalabu huanza akiwa utingo. Desturi hii ni ya zamani, na maana yake ni nyepesi: ahitajiye fundi kesho hana budi kumvumilia mwanafunzi leo.

Urubani katika nchi yetu ya Kenya umeikimbia desturi hii. Wenye ndege wanahitaji mafundi, lakini wachache mno kati yao wako tayari kuwa na wanagenzi. Kijana hujifunza kwa mali ya wazazi wake, hupewa leseni kwa mujibu wa sheria, kisha huambiwa kuwa leseni hiyo haitoshi mpaka aonyeshe ya kuwa amekwisha kuifanya kazi ambayo hajapewa. Nakusudia kuonyesha katika insha hii kwamba jambo hili si bahati mbaya ya kijana mmoja mmoja. Ni dhuluma yenye wenyewe. Uzito wake wawaangukia watu wasio na ndege hata moja. Na dawa yake yajulikana, kwa kuwa nchi hizi zetu zilipata kuitumia.

Nachukua mfano wa Kitale na Bungoma, kwa kuwa miji hii ni mbali ya kutosha na vyumba vikubwa vya Nairobi, na karibu ya kutosha na mashamba ambayo huuzwa ili ada ilipwe. Kitale una uwanja mdogo wa ndege, na kwa nyakati mbalimbali kampuni za Nairobi zimeuletea abiria. Upande wa Bungoma kuna kiwanja cha Matulo, karibu na Webuye. Mtoto anayechunga ng'ombe chini ya Mlima Elgon huiona ndege, huisikia, na hutamani kuiongoza. Tamaa hiyo ni njema, wala mtu asiikejeli. Lakini shule nyingi za urubani ziko katika kiwanja cha Wilson, Nairobi, kiasi cha kilomita 380 kwa barabara kutoka Kitale. Basi tamaa inapozaliwa shambani, na shule ikawa mjini, kiungo kati ya viwili hivyo huwa fedha.

Sheria yenyewe haina fumbo. Kijana wa miaka 17 aweza kupata leseni ya kuruka kwa nafsi yake baada ya saa 40 za angani. Leseni hiyo haimruhusu kulipwa. Akitimiza miaka 18 aweza kupata leseni ya biashara, naye sharti awe na saa 200, au saa 150 ikiwa amefuata mafunzo mfululizo katika shule iliyoidhinishwa. Sharti daktari aliyeteuliwa ampime macho, masikio, moyo na akili, akampe cheti cha daraja la kwanza. Sharti afaulu mitihani ya sheria za anga, hali ya hewa, uongozaji wa safari na ujenzi wa ndege. Mwenye kutaka leseni ya juu kabisa, ile ya nahodha wa ndege kubwa za abiria, hana budi kufikisha saa 1,500. Mwenye kusimamia hayo yote ni Halmashauri ya Usafiri wa Anga ya Kenya, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2002.

Katika kila saa kati ya hizo 200, mwanafunzi hulipia petroli, hulipia uchakavu wa injini, hulipia mwalimu na hulipia faida ya shule. Jumla yake huandikwa kwa mamilioni ya shilingi. Msomaji wa Nairobi aweza kulisoma neno milioni akaendelea mbele. Msomaji wa Trans Nzoia hulisoma neno hilo akaona ekari. Kwake milioni ni shamba la mahindi lililonunuliwa na babu, ni ng'ombe wa maziwa, ni mkopo wa chama cha akiba utakaokatwa katika mshahara wa mwalimu mpaka astaafu. Msomaji wa Bungoma huona malipo ya miwa, ambayo aghalabu huchelewa, na huona harambee kanisani, ambako mjane aliyetoa shilingi 200 ameandikwa katika daftari karibu na mfanyabiashara aliyetoa elfu 20. Wote wawili wamenunua sehemu ya matumaini, na wote wawili wataulizia habari zake.

Sasa tumfuate kijana huyo baada ya sherehe. Amevaa shati jeupe lenye mistari mabegani, amepigwa picha, amebarikiwa na wazee. Anarudi Wilson akiwa na bahasha ya nakala za vyeti, anapita mlango hata mlango. Mlango wa kwanza waambia: tunataka saa 500. Wa pili: tunataka saa 1,000. Wa tatu haukatai, lakini wasema bima ya ndege haikubali rubani mpya. Wa nne wapokea bahasha, na bahasha huenda kulala na dada zake. Kijana auliza, nitazipata wapi hizo saa? Jibu ni kwamba saa hupatikana kazini. Auliza, nitaipata wapi kazi? Jibu ni kwamba kazi hupewa wenye saa. Katika duara hiyo hapana mahali pa kutia mguu.

Tena, leseni si kitu kitulizwacho sandukuni kama hati ya shamba. Cheti cha daktari hudumu miezi 12 tu kwa kijana, kisha sharti apimwe upya kwa gharama yake. Rubani asiyepaa na kutua mara tatu katika siku 90 haruhusiwi kuchukua abiria mpaka ajirudie. Idhini ya kuruka kwa vyombo, yaani kupita mawinguni bila kuona ardhi, nayo huhitaji kuhakikishwa tena. Jembe lisilolimiwa hushika kutu, lakini jembe angalau halitozi ada likiwa ghalani. Leseni hutoza. Na mwenye kutozwa ni yule yule mzazi aliyekwisha kuuza alichokuwa nacho.

Hapo umbali wa Kitale huonyesha ukali wake. Kazi ya kwanza ya urubani mara nyingi hupewa anayeonekana: yule aliyepo asubuhi rubani wa pili anapougua, yule anayejulikana na makanika kwa jina, yule aliyesaidia kupakia mizigo jana. Mwana wa Nairobi hulala kwao, akapanda matatu alfajiri, akaonekana. Mwana wa Kitale hulipa chumba, chakula na nauli ili aonekane, na fedha zikiisha hurudi nyumbani, na akirudi nyumbani amesahauliwa. Hivyo wawili waliofaulu mtihani mmoja kwa alama moja hutenganishwa na kodi ya nyumba. Nchi yadhani imemchagua rubani bora, kumbe imemchagua mwenye mahali pa kulala.

Wako watakaonipinga, na hoja zao zastahili kusikilizwa.

Hoja ya kwanza ni ya usalama. Wasema: roho za abiria si mahali pa kujifunzia, na rubani mwenye saa nyingi ni salama kuliko mwenye saa chache. Hapana mtu mwenye akili awezaye kuidharau hoja hii. Uzoefu ni ngao. Lakini saa ni kipimo cha uzoefu, si uzoefu wenyewe. Mwezi wa Februari 2009, ndege ya kampuni ya Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo, Marekani, wakafa watu 50, mmoja wao akiwa nyumbani kwake. Baada ya msiba huo Bunge la Marekani lilipitisha sheria mwaka 2010, na kuanzia 2013 hata marubani wasaidizi wa mashirika ya abiria walitakiwa kuwa na saa 1,500, isipokuwa waliopata mafunzo fulani yaliyopunguziwa kiasi hicho. Lakini rubani mkuu wa ndege ile alikuwa na saa zaidi ya 3,000, na msaidizi wake zaidi ya 2,000. Wote wawili wangaliuvuka mlango ambao sheria iliujenga baada yao. Wachunguzi walikuta kwamba ndege ilipoonya ya kuwa imepungukiwa na mwendo, rubani aliijibu kinyume cha ilivyopasa. Huko Ulaya, kijana mwenye saa 200 hivi huweza kukaa kiti cha pili cha ndege kubwa ya abiria, mradi amefunzwa ndege hiyo barabara na nahodha wake anamsimamia. Na anga la Ulaya si machinjio.

Wala hoja ya usalama haielezi mambo ya kwetu. Marekani ilipotaka saa 1,500, ilikuwa na shule nyingi mno za urubani, na kijana huzikusanya saa hizo akiwa mwalimu wa wanafunzi wapya, naye hulipwa. Kwetu shule ni chache, na nafasi za ualimu hujazwa upesi. Kuiga mlango wa jirani bila kuiga ngazi yake si hadhari. Ni kumfungia mtu nje. Mwenye kuijali roho ya abiria kweli kweli angelitaka kuona rubani mpya akilelewa katika kiti cha pili, chini ya jicho la nahodha, kuliko kumwacha akae chini mwaka mzima, mikono ikasahau, kisha siku moja aitwe ghafula kwa sababu mwingine hakupatikana.

Hoja ya pili ni ya mali. Wenye ndege wasema: sisi ni wafanyabiashara, hatukufungua shule, tukimlea kijana, akipata saa zake atatuhama aende kwa mashirika makubwa, tubaki na hasara. Hoja hii ina ukweli ndani yake, lakini ukweli wake watoa hukumu kinyume cha waitakavyo. Ikiwa kila mmoja aogopa kulea kwa sababu mwenzake atavuna, basi ulezi hauwezi kuachwa kwa hiari ya mmoja mmoja. Sharti uwe wajibu wa wote. Kisima cha kijiji hakichimbwi kwa namna hiyo ya kungojana. Huchimbwa kwa zamu, na anayekataa zamu huaibishwa.

Nasi tulipata kuvichimba visima hivyo. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilianza kazi mwaka 1946, na kwa miaka mingi viti vyake vya mbele vilikaliwa na wageni. Serikali za Kenya, Uganda na Tanzania zilipotaka wenyeji wakalie viti hivyo, hazikumwambia mkulima wa Kimilili auze shamba. Mwaka 1971, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilifungua chuo cha urubani Soroti, Uganda. Soroti si mbali na Bungoma: mtu huvuka mpaka Malaba, akapita Tororo na Mbale, akafika. Fikra ya chuo kile ilikuwa kwamba nchi zihitajizo marubani ndizo zinazopasa kuwafunza. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, shirika likafa, chuo kikabaki mikononi mwa Uganda, na Kenya ikaanzisha shirika lake mwaka huo huo. Tuligawana ndege, madeni na majengo. Wajibu wa kumlea rubani haukupata mrithi. Uliangushwa njiani, na mzazi ndiye aliyeuokota.

Mwenye kudhani ya kuwa mambo hayo yaliwezekana zamani tu, na atazame Ethiopia. Shirika la Ethiopian Airlines liliundwa mwaka 1945, na marubani wake wa kwanza walikuwa Wamarekani. Halikuridhika na hali hiyo. Lilijenga shule yake, likachagua vijana kwa mtihani, likawafunza, likawafunga kwa mkataba wa kulitumikia miaka kadhaa. Leo shirika hilo ni kubwa kuliko yote barani Afrika. Sisemi kwamba shule peke yake ndiyo iliyolikuza, lakini nasema kwamba halikukua kwa kungoja watoto wa maskini wajinunulie uzoefu. Hata hapa Kenya, Jeshi la Wanahewa tangu lilipoanzishwa mwaka 1964 halijamwambia kijana alete saa 500 ndipo limchukue. Humpima, humfunza, humtumia. Ikiwa jeshi laweza kumkabidhi kijana ndege ya thamani kubwa mno baada ya kumfunza, ni muujiza gani uzuiao wengine?

Tena tukumbuke saa za marubani wetu wengi wa leo zilitoka wapi. Ukishika njia kutoka Kitale kupita Kapenguria na Lodwar, mwisho wake utafika Lokichoggio. Tangu mwaka 1989 mpaka 2005 kiwanja kile cha jangwani kilikuwa mlango wa chakula na dawa kwenda Sudani ya Kusini iliyokuwa vitani. Ndege zilipaa na kutua kutwa, na vijana wengi walijaza daftari zao huko. Amani ilipotiwa sahihi Nairobi mwezi wa Januari 2005, kazi ilipungua, na kiwanja kikapoa. Wengine walipata saa zao kwa kupeleka miraa Somalia kutoka Wilson. Na serikali ya Somalia ilipoizuia miraa hiyo tangu Machi 2020 hadi Julai 2022, njia hiyo nayo ilizibwa. Mwaka huo huo wa 2020 ugonjwa wa korona ulizifunga safari za abiria za nje kuanzia Machi hadi Agosti, na marubani wazoefu waliopoteza kazi wakasimama mbele ya wapya katika foleni ile ile. Angalia jambo hili vizuri. Vita vya jirani, jani la kutafunwa na maradhi ndivyo vilivyoamua ni kijana yupi atakuwa rubani. Nchi inayoacha ulezi wa mafundi wake katika mikono ya matukio kama hayo haina mpango. Ina bahati tu, na bahati haina urafiki wa kudumu.

Nimezitazama hoja zinazostahili jibu. Sasa nitaje mambo mawili yasiyostahili ila lawama.

La kwanza ni kuuza kiti. Katika nchi mbalimbali kumezuka desturi ya kumtoza rubani mpya fedha ili akae kiti cha pili cha ndege inayochukua abiria au mizigo ya kulipiwa. Abiria amelipa nauli, mwenye mzigo amelipa uchukuzi, na rubani msaidizi naye amelipa. Hapo mwenye ndege amevuna shamba moja mara tatu. Waipambao desturi hiyo huiita mafunzo. Lakini ikiwa kazi ya kiti cha pili yahitajiwa, na mara nyingi mashirika ya misaada huitaka hata katika ndege ndogo ambayo sheria yairuhusu kuongozwa na mtu mmoja, basi kazi hiyo ni kazi, na kazi ina ujira. Ikiwa haihitajiwi, basi kijana anauziwa hewa. Desturi hii ina ubaya mwingine mkubwa zaidi: huweka fedha mahali pa ustadi. Abiria aliyeketi nyuma adhani ya kuwa mtu yule mbele amechaguliwa kwa sababu ajua. Hajui ya kuwa amechaguliwa kwa sababu ameweza kulipa.

La pili ni kuuza ndoto. Shule ya urubani ina haki ya kujitangaza, kama duka lilivyo na haki ya kuning'iniza kitambaa mlangoni. Lakini muuza nguo huonyesha kitambaa chenyewe, na muuza ndoto huonyesha picha ya ndege ya abiria 300 ambayo shule yake haina, na mshahara wa nahodha wa miaka 20 kana kwamba ni mshahara wa mwaka wa kwanza. Haonyeshi hesabu ya waliomaliza, wala ya walioajiriwa. Mzazi wa Kitale akinunua mbegu za mahindi husoma juu ya mfuko aina ya mbegu na urefu wa nchi inayoifaa. Mbegu ya shilingi elfu kadhaa huuzwa kwa maelezo, na mafunzo ya mamilioni huuzwa kwa picha. Mtu akisema kwamba marubani wapya wamekuwa wengi kuliko ndege, simpingi. Namwuliza tu: ni nani aliyeendelea kuwaandikisha huku akiujua wingi huo?

Haifai, hata hivyo, kuwaacha jamaa na kijana mwenyewe kana kwamba hawamo katika neno hili. Sisi watu wa Magharibi ya Kenya twapenda elimu, na mapenzi hayo yametufaa. Mwezi wa Septemba 1959, wanafunzi 81 walipopanda ndege kwenda Marekani kwa juhudi za Tom Mboya na wenzake, michango ya vijijini ilikuwa nyuma yao, na waliorudi walikuta nchi changa inayowangoja kwa mikono miwili. Tangu hapo tumeshika imani kwamba mchango ukitoka, cheti kikipatikana, kazi itafuata kama mchana ufuatavyo usiku. Imani hiyo ilikuwa ya kweli kwa wakati wake. Leo cheti huja, na kazi hubaki nyuma. Kwa hiyo jamaa wanapomwona rubani kijijini mwaka wa pili, akisaidia kuvuna mahindi, wasimkate maini kwa maswali ya kejeli. Hakuwatapeli. Yeye na wao wamedanganywa pamoja, na wanaotaniana wakati wa kudanganywa humsaidia mwongo.

Naye kijana asijione mkubwa kuliko kazi ndogo. Wilson Airways, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1929 na Florence Kerr Wilson, ilianza kwa ndege ndogo moja tu. Beryl Markham, aliyepata leseni ya biashara hapa Kenya mwaka 1933 na kuvuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza mwaka 1936, alianza kwa kubeba barua na abiria wachache, na kuwatafutia wawindaji tembo kutoka angani. Hata leo njia za kwanza ni hizo za vumbi: kupeleka watalii Maasai Mara, kupeleka dawa Turkana, kufundisha wanafunzi wapya, kukaa ofisini mwa kampuni ya ndege ukipanga safari za wengine huku macho yako yakiwa juu ya kiti. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lakini kuinama ni jambo moja, na kutambaa ni jambo lingine. Kijana anayekubali kufanya kazi bila ujira mwaka mzima hajinyimi yeye tu. Hushusha bei ya kazi kwa wote wajao nyuma yake.

Basi dawa ni ipi? Sitaji mambo ya ajabu. Kwanza, serikali na mashirika ya misaada yanayokodi ndege yaweke sharti katika mikataba yao kwamba kiti cha pili kikaliwe na rubani mchanga aliyefunzwa ndege hiyo, alipwe ujira, na nahodha apewe wajibu wa kumlea. Fedha za umma zinunue safari na fundi kwa pamoja. Pili, sheria imkataze mwenye ndege kupokea fedha kwa rubani katika safari ambayo abiria au mwenye mzigo amekwisha kuilipia. Tatu, kila shule iandike hadharani kila mwaka hesabu tatu: walioingia, waliomaliza, na walioajiriwa kabla ya miaka miwili kupita. Shule njema itashangilia hesabu hizo, na shule itakayozichukia itakuwa imejieleza. Nne, mwenye ndege anayeogopa kuhamwa amlipie kijana mafunzo ya aina ya ndege, na kijana aahidi kutumika muda uliokubaliwa. Ahadi ni deni, na deni la utumishi hulipika kuliko deni la benki, kwa kuwa lajilipa kwa kazi.

Mpaka hayo yatendeke, wewe msomaji uliye kidato cha tatu au cha nne, Kitale au Bungoma au penginepo, ambaye moyo wako uko angani, usiuzime moyo huo, upe macho. Kabla baba hajaliita shamba sokoni, nenda kwanza kwa daktari aliyeteuliwa, ujue kama macho na masikio yako yatakubaliwa, kwa kuwa kipimo hicho ni rahisi kuliko majuto. Iulize shule: waliomaliza mwaka juzi wako wapi? Iulize: ada hii ni pamoja na mitihani, usiku, injini mbili na vyombo, au hayo yatakuja baadaye kwa bei nyingine? Uliza: nikimaliza, nani atalipia chumba changu Nairobi miezi 12, na nani atalipia daktari? Tafuta rubani aliyepata leseni miaka mitatu iliyopita, si nahodha mwenye mvi, umwulize alikula nini mwaka wa kwanza. Shule itakayokasirishwa na maswali hayo imekujibu bila ada.

Nanyi wenye ndege, ambao siku moja mlikuwa na saa 200 na nahodha fulani akawaachia usukani mkono wake ukiwa karibu, mwadaiwa. Hamdaiwi na vijana, maana wao hawakuwapo siku ile. Mwadaiwa na nahodha yule, na njia ya kumlipa ni moja tu: kusogeza mikoba iliyowekwa juu ya kiti cha pili, na kumwambia mwana wa mkulima aketi.